Shajara ya mradi: picha za spektra kwenye michoro ya miambani, Kondoa

Juni 3, Dar es Salaam

Kamera imetoka kwa fundi Kariakoo. Ameifungua, ametoa kile kioo chembamba chenye rangi ya samawati kinachokaa mbele ya kihisi, akaweka kioo kitupu mahali pake. Kamera ya dukani huwekewa kioo hicho kwa sababu kihisi cha silikoni kinaona mbali kuliko jicho la mtu. Jicho linaishia karibu na nanomita 700 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), wakati kihisi kinakwenda hadi 1,000 na ushei. Bila kioo, suti nyeusi ya bwana harusi inaweza kutoka ya zambarau kwenye picha, kwa hiyo watengenezaji wanaziba. Sisi tunazibua, maana tunachokitafuta kiko huko huko walikokuziba.

Zipo kamera za hiperspektra zinazogawa mwanga katika mamia ya bendi, yaani vipande vyembamba vya rangi, ila fedha ya kununulia moja inatosha kununua gari. Njia yetu ni kugeuza mambo: badala ya kamera kuchagua rangi, taa ndiyo ichague. Tumeunda ubao wa taa za LED za nanomita 365, 405, 450, 505, 530, 590, 620, 660, 735, 850 na 940. Unawasha rangi moja, unapiga picha, unazima, unawasha inayofuata. Mwisho wake una rundo la picha za mahali pamoja, kila moja ikionyesha jinsi jiwe na rangi vinavyorudisha mwanga wa urefu mmoja tu wa wimbi. Faida nyingine ni kwamba mchoro haupigwi na mwanga mwingi wala joto. Hasara ni moja, nayo ni kubwa: lazima kuwe na giza. Kazi yote itakuwa ya usiku.

Juni 11

Kibali cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, kipo mkononi, na barua ya upande wa malikale pia. Karatasi zote zimetolewa nakala, maana kila ofisi utakayofika itataka kubaki na moja.

Juni 19, Kolo

Tumefika. Kolo ni kijiji cha barabarani, kaskazini mwa mji wa Kondoa, kwenye ile barabara kuu ya kutoka Dodoma kwenda Babati na Arusha. Vilima vyenye michoro viko upande wa mashariki, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa. UNESCO iliuorodhesha ukanda huu kama Urithi wa Dunia mwaka 2006: kilomita za mraba 2,336, na idadi ya vibanda vya miamba vyenye michoro, yaani sehemu zilizofunikwa na mwamba uliochomoza, inakadiriwa kati ya 150 na 450. Ukubwa wa pengo hilo unaonyesha ni kiasi gani cha kazi hakijafanyika. Hakuna aliyepita kila kilima.

Mwanaakiolojia Mary Leakey alipiga kambi huku mwaka 1951, akinakili michoro kwa kuifuatisha juu ya karatasi angavu, mstari kwa mstari. Nakala zake zilichapishwa kitabuni mwaka 1983, na hadi leo ndizo tunazopima nazo: kama alichora mguu ambao leo hauonekani, tunajua kitu kimepotea katika hiyo miaka sabini. Profesa Fidelis Masao naye alifanya kazi ndefu katikati ya nchi miaka ya 1970. Kwa hiyo sisi si wa kwanza kufika, na tumebeba picha za hao waliotutangulia kwenye simu.

Tumepokewa na mzee anayewaongoza wageni. Nimemwamkia, akaitikia, kisha akauliza moja kwa moja: “Mwanangu, na nyinyi mmekuja na maji?”

Nimemwambia hatuna maji ila ya kunywa. Akacheka. Wapo wageni wanaobeba chupa na kuumwagia mwamba ili michoro ing’ae, wapige picha, waondoke. Kwa dakika chache kweli inang’aa, maana maji yanajaza vijishimo vya uso wa jiwe, mwanga hautawanyiki ovyo, na wekundu unakolea. Lakini maji hayo yanayeyusha chumvi zilizomo ndani ya mwamba, na yakikauka yanaziacha juu ya uso kama utando mweupe. Unaulowesha mchoro leo uuone, keshokutwa hauonekani hata ukiulowesha. Sababu mojawapo ya mradi huu ni kwamba kazi ile ya maji inaweza kufanywa na kompyuta.

Juni 20

Tumepanda Mungumi wa Kolo, kilima chenye michoro, kwa ajili ya kujulishana tu. Kibanda kikubwa cha juu kina wale watu warefu, wembamba kama fito, wenye vichwa vilivyotuna: watano wamesimama safu moja, wa katikati anavutwa mikono huku na huku. Mary Leakey aliona mwanamke anatekwa. Wengine wanaona ngoma. Mimi ninachokiona wazi ni mkono wa mchoraji ambaye hakusitasita. Mistari ya miili ni ya mpigo mmoja, juu hadi chini, na ukisogea karibu unaona pale rangi ilipoanza kumwishia.

Hapa bado ni mahali pa matambiko. Watu huja kwa ajili ya mvua na uganga, na pombe ya mtama imekuwa ikinyunyizwa hadi kwenye michoro yenyewe. Watu wa uhifadhi wanalalamika, na kwa upande wa rangi wana haki. Lakini hao wenye matambiko ndio waliofanya mahali hapa paogopwe na paachwe miaka yote hiyo, na uzio wa waya haujawahi kufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Uharibifu ninaouona mimi ni wa mashimo: kuna simulizi kwamba Wajerumani walizika dhahabu huku wakati wa Vita vya Kwanza, na watu wamechimba chini ya vibanda kuitafuta. Dhahabu haikupatikana, ila tabaka za udongo ambazo mwanaakiolojia angezisoma taratibu kwa brashi zimevurugwa kabisa.

Tumekubaliana na wazee kwamba Mungumi hatufanyi kazi usiku. Tutaanzia kibanda kidogo upande mwingine ambacho hakina mlinzi wala kibao, na kwa sababu hiyo hiyo sitakitaja jina.

Juni 23, usiku

Kazi imeanza. Utaratibu wetu ni huu: stendi inafungwa kwa mawe miguuni isitikisike. Kisahani cheupe cha kupimia, kinachorudisha karibu mwanga wote unaokipiga, kinawekwa pembeni mwa mchoro bila kugusa mwamba, pamoja na kibao cha rangi 24. Picha ya kwanza inapigwa taa zote zikiwa zimezimwa, ili tujue kelele ya kihisi chenyewe (alama za uongo kinazozitoa bila mwanga) na mwanga wa mwezi. Kisha rangi moja baada ya nyingine. Kisha ubao wa kijivu unashikwa mbele ya mwamba na mzunguko mzima unarudiwa, kwa sababu taa haimuliki kila kona sawasawa, na bila kusahihisha hilo utadhani upande wa kushoto una rangi hafifu kumbe una mwanga hafifu.

Kwenye 850 na 940 lenzi inabidi ifokasiwe upya. Mwanga wa infraredi haukutani mahali pamoja na ule unaoonekana, na ukiacha fokasi ya kijani utapata ukungu. Ukiigusa fokasi, picha nayo inakua au kusinyaa kidogo. Hilo linarekebishwa baadaye kwenye programu, kwa kuoanisha picha zote zikae juu ya pikseli zile zile.

Shida ambayo hakuna mwongozo uliotutajia ni nondo. Taa ya 365 ni ya urujuanimno, na wadudu wa usiku wanaipenda kuliko kitu chochote. Dakika moja tu, ubao mzima umefunikwa. Mmoja amekaa katikati ya kisahani cheupe akapiga mbawa kwa utulivu kana kwamba kimewekwa kwa ajili yake. Tumebadilisha mpangilio: urujuanimno inapigwa mwisho kabisa, wadudu wakija kazi nyingine imeisha. Pimbi nao wamepiga kelele usiku kucha juu ya vichwa vyetu. Mtu asiyeijua sauti ya pimbi gizani angeteremka mlima bila viatu.

Juni 24

Mchana wa kompyuta. Kabla ya kugusa bendi zetu, kila picha ya kawaida inapitishwa kwanza kwenye DStretch, programu ambayo Jon Harman wa Marekani aliitoa mwaka 2005 mahsusi kwa ajili ya michoro ya miambani. Mbinu yenyewe ilitoka kwa watu wa picha za setilaiti. Wazo lake si gumu. Kwenye picha ya mwamba, nyekundu, kijani na samawati za kila pikseli karibu zinapanda na kushuka pamoja, kwa sababu kinachobadilika zaidi ni mwanga na kivuli. Tofauti ndogo za rangi zimefichwa ndani ya mwendo huo wa pamoja. Programu inageuza mihimili ya hesabu ifuate mtawanyiko wa rangi zilizomo, inavuta ile mihimili myembamba mpaka ilingane na mipana, kisha inarudisha kila kitu mahali pake. Wekundu ambao jicho liliuona kama vumbi unatoka kama damu. Programu ina mipangilio ya rangi ya kuchagua: kwa nyekundu tunatumia zaidi ule unaoitwa YRE, na kwa weusi YBK.

Naipenda, na ni ya kwanza kila mara, kwa kuwa inataka kamera ya kawaida tu, hata ya simu. Ila niwaonye wanaoanza: rangi inayotoka si rangi ya kitu chochote. Hesabu inafanywa upya kwa kila picha, kwa hiyo ukikata kipande cha anga kilichoingia pembeni, pofu (yule swala mkubwa) aliyechorwa pale pale anabadilika kutoka zambarau kuwa machungwa. Huwezi kuweka picha mbili za DStretch pamoja ukasema “huyu na huyu walichorwa kwa rangi moja.” Nimeona hoja ya namna hiyo ikijengwa, na imesimama juu ya hewa. Swali la rangi moja au mbili linahitaji vipimo vilivyosahihishwa kwa kisahani cheupe, bendi kwa bendi. Ndiyo maana tunalala mchana.

Juni 27

Picha za 850 zimetazamwa na timu nzima. Mmoja wa wanafunzi wetu alikaa kimya, halafu akasema, “Bosi, michoro imepotea.”

Imepotea kweli, na ndivyo inavyotakiwa. Ngeu, ule udongo wa rangi waliochorea, ikiwa nyekundu ni hematiti, yaani oksidi ya chuma. Inameza mwanga wa samawati na kijani, karibu wote hadi nanomita 550 hivi, kisha inaanza kuurudisha kwa kasi. Ndiyo maana ni nyekundu. Ukivuka 700 inarudisha mwanga karibu kama mwamba wenyewe. Watu wengi wamesoma habari za michoro ya mafuta ya Ulaya, ambapo infraredi inapenya rangi na kuonyesha mchoro wa mkaa ulioko chini, wakadhani infraredi ndiyo ufunguo wa kila kitu kilichofichika. Kwa ngeu juu ya itale ni kinyume. Infraredi inakuondolea mchoro na kukuachia vyote ambavyo si mchoro.

Na hivyo vilivyobaki ni habari kubwa. Juu ya mgongo wa pofu mmoja kuna majina mawili yameandikwa kwa mkaa, ya vijana waliopita hapa zamani. Kwa macho, majina na mnyama vimechanganyikana. Kwenye 850 mnyama hayupo, majina yamekaa peke yake meusi tii, kwa sababu kaboni inameza mwanga hata huko mbali. Sasa tunaweza kulichukua umbo la mkaa lilivyo na kulitoa kwenye picha ya kijani, tukabaki na mgongo wa pofu na matundu pale tu mkaa ulipokaa. Maandishi ya kalamu ya wino ya buluu, kwa upande mwingine, yanatoweka kwenye infraredi kama ngeu. Basi tofauti ya mkaa na wino inajulikana bila kugusa jiwe.

Kuna sababu nyingine ya kuusaka weusi. Ngeu haina kaboni ya kupimia umri, na hilo ndilo tatizo kubwa la michoro myekundu ya Kondoa. Mtu akikutajia miaka yake kwa uhakika, muulize ameipima vipi. Kusini mwa Afrika, timu ya Adelphine Bonneau mwaka 2017 ilitoa umri wa michoro ya Botswana inayofikia zaidi ya miaka 5,000, na waliweza kwa sababu rangi yake nyeusi ilitengenezwa kwa kaboni. Kama kuna alama ya kale ya mkaa hata moja humu Kondoa, njia ya haraka ya kuipata ni kupita vibandani na 850. Hatujaipata. Weusi wote tuliouona mpaka leo ni moshi wa wachungaji, au ni majina.

Julai 2

Leo ndilo jambo lililonifanya niutake mradi huu tangu mwanzo, na limetoka vizuri kuliko nilivyotarajia.

Kwenye kibanda chetu kuna mnyama mkubwa ambaye sehemu ya mbele imeliwa na mmomonyoko. Kutoka pale kichwa kilipotakiwa kuwa kunashuka mkanda wa wekundu wa kahawia hadi karibu na sakafu. Kama mkanda ule ni mkonga, huyo ni tembo. Kama ni uchafu wa mwamba, anaweza kuwa mnyama yeyote. DStretch inaukoleza mkanda pamoja na mwili, sawasawa, na mtu mwenye haraka angeandika “tembo” akaondoka.

Tatizo ni kwamba itale yenyewe ina chuma. Maji ya mvua yakipita kwenye nyufa yanakitoa na kukiacha juu ya uso kama kutu. Chuma juu ya chuma, wekundu juu ya wekundu. Lakini kutu ya namna hiyo mara nyingi ni gethiti, ambayo ni chuma na oksijeni yenye maji ndani yake, na hematiti haina maji. Tofauti hiyo inaonekana kwenye infraredi ile ile iliyotupotezea mchoro. Hematiti ina bonde dogo la kumeza mwanga karibu na nanomita 860. Gethiti bonde lake liko mbele zaidi, karibu na 920. Kwa hiyo ukichukua picha ya 940 ukaigawa kwa ya 850, pikseli kwa pikseli, hematiti inatoa zaidi ya moja kwa sababu imekwisha kuanza kupanda kutoka bondeni, na gethiti inatoa chini ya moja kwa sababu bado iko humo.

Tofauti ni ndogo mno. Kwenye picha moja inazama ndani ya kelele, hivyo tulipiga kila bendi mara nyingi na kuchukua wastani, usiku usio na upepo. Matokeo: mwili wa mnyama uko juu ya moja, wote, hadi kwenye mguu wa nyuma. Mkanda uko chini ya moja, na ukiufuata kwenda juu unakatiza mwili, unaendelea kupita mgongo, na kuishia kwenye ufa wa mwamba ambao kwa macho hakuna aliyeuhusisha nao. Si mkonga. Maji yalishuka kutoka kwenye ufa, mengine yakapita juu ya mnyama.

Najua hoja ya upande wa pili, na ni nzuri. Mchoraji naye angeweza kutumia gethiti. Ngeu ya njano ndiyo hiyo, na ukiichoma motoni, nyuzi 250 au 300 hivi, maji yanatoka inakuwa nyekundu. Ngeu iliyochomwa nusunusu ingekuwa na vyote viwili. Pia ukubwa wa chembe unabadilisha jinsi mwanga unavyorudishwa. Kwa hiyo uwiano peke yake sishtakii wala siachii huru mtu. Kinachonishawishi ni uwiano pamoja na ule ufa. Rangi ya mchoraji haina sababu ya kuanzia ndani ya ufa.

Nimemwonyesha mzee. Ameitazama skrini, akaenda mwambani na tochi, akaupapasa ufa kwa macho bila kuweka kidole. “Mvua ya masika ikipiga kutoka huku,” akaonyesha mashariki, “hapa panatiririka.” Angetuambia hivyo siku ya kwanza kama tungemuuliza. Sasa orodha yetu ya mambo ya kurekodi kwa kila kibanda ina swali jipya la juu kabisa: maji yanapita wapi wakati wa mvua, na wa kuulizwa ni mwenyeji.

Julai 5, Pahi

Pahi, kijiji kingine cha Kondoa, tumekuja kwa ajili ya michoro myeupe. Hii ni ya baadaye, minene, imepakwa kama kwa kidole, na mahali pengine imekaa juu ya myekundu ya zamani. Inahusishwa na wakulima waliozungumza lugha za Kibantu, wakati myekundu inahusishwa na mababu wa watu kama Wasandawe na Wahadzabe. Swali letu lilikuwa rahisi kulisema: chini ya weupe kuna nini?

Jibu la kamera ni kwamba haioni, na fizikia iko wazi kwa nini. Weupe unatawanya mwanga wote. Mwanga wa infraredi unaopenya kidogo unakuta ngeu ambayo kwenye infraredi ni nyeupe pia. Nyeupe juu ya nyeupe. Kwenye kijani ngeu ni nyeusi, lakini kijani hakipenyi. Tulichoambulia ni pembezoni, pale weupe ulipokwanguka ukawa mwembamba. Ukichukua 620 ukagawa kwa 505 unapata vipande vya mstari mwekundu vinavyoingia chini ya weupe upande mmoja na kutokea upande wa pili. Vipande hivyo vinatosha kusema kuna kitu chini na kinaelekea wapi, basi.

Julai 9

Likeni, yale mabaka ya kijivu na ya machungwa yanayoota juu ya jiwe, yanajitenga yenyewe. Yana klorofili, ambayo inameza mwanga karibu na 670 na kuurudisha kwa wingi baada ya 700. Picha ya 735 gawa kwa 660, na kila kilicho hai kinawaka. Tumechora ramani ya likeni ya kibanda kizima, apime tena atakayerudi baada ya miaka kadhaa kama imesogea kuelekea kwenye michoro. Hii haina mvuto wa kuandikiwa makala, lakini nadhani ndiyo picha itakayotumika zaidi kuliko zote.

Julai 13, Kolo

Tumewaonyesha wazee picha kwenye ukuta wa darasa, jua likishazama. Walitaka kuona Mungumi kwanza, tukawaonyesha zile za mchana zilizopitishwa DStretch. Mjadala ulikuwa mkali juu ya vichwa. Mmoja anasema ni nywele zilizosukwa, mwingine anasema ni vinyago, wa tatu anasema hao si watu. Wasomi nao wamegawanyika vivyo hivyo. Eric ten Raa aliyeishi na Wasandawe aliandika mwaka 1971 kuhusu uchoraji waliokuwa bado wanaukumbuka na ngoma ya simbo, ambamo wachezaji hupandwa na hali ya kuwa simba. David Lewis-Williams baadaye alisoma michoro ya Kondoa kwa mwanga huo wa ngoma na maono. Maciej Grzelczyk wa Poland mwaka 2021 alichapisha kibanda cha Amak’hee 4, kule kwenye pori la akiba la Swaga Swaga, chenye viumbe watatu wenye vichwa kama vya nyati.

Bendi zetu haziamui ugomvi huo. Zilichoongeza ni kwamba kwenye kibanda chetu kidogo, mtu mmoja tuliyedhani ana kichwa cha mviringo mtupu ana mistari midogo inayotoka nje ya mviringo, yenye hematiti ile ile ya mwili. Mistari hiyo ilitosha kuwafanya wa nywele na wa vinyago wote wawili waseme wameshinda. Mama mmoja aliyekuwa nyuma aliuliza kama picha hizi zitabaki shuleni au zitaondoka na sisi kama za wengine. Zitabaki. Nakala imewekwa kwenye kompyuta ya shule, na nyingine ofisi ya malikale hapa hapa Kolo.

Julai 20, Dar es Salaam

Kupanga mafaili. Kila bendi inahifadhiwa ghafi pamoja na picha ya giza, picha ya ubao wa kijivu na hesabu zote zilizofanywa, kwa mpangilio ambao mtu asiyetujua anaweza kuurudia. Picha za kusambaza zimefutwa alama za mahali. Kibanda kisicho na mlinzi kikiwekwa ramani, wachimba dhahabu watafika kabla ya wanaakiolojia.

Agosti 2

Ombi la kuazima kamera ya infraredi ya mawimbi mafupi, inayoona kupita nanomita 1,000, limepelekwa kwenye maabara moja ya nje. Kihisi cha silikoni kinagota kwenye 1,000, na maswali ya Pahi yako mbele zaidi: kaolini, ule udongo mweupe, ina alama yake karibu na nanomita 2,200, chokaa karibu na 2,340. Kwa kamera hiyo tungejua weupe wa Pahi umetengenezwa kwa udongo, kwa majivu yenye chokaa, au kwa mchanganyiko, na kama vibanda viwili vilivyo mbali vilitumia kitu kimoja. Wamejibu kwamba wanaweza kutupa kwa wiki mbili, mwezi Oktoba, tukilipa bima. Oktoba ni karibu mno na mvua, na barabara ya kupanda kule tunaijua. Tumewaomba Septemba. Wakati tunasubiri, taa ya 940 inaongezwa LED nyingine sita, maana uwiano wa 940 kwa 850 bado unataka mwanga zaidi, na fundi amesema Ijumaa.